Manga, manhwa au manhua? Mwongozo kamili wa kutambua katuni uliyoshika na kuisoma kwa mpangilio wake

Makosa mawili hujirudia kila mtu anapoanza kusoma katuni za Asia Mashariki: manga za Japani, manhwa za Korea na manhua za Kichina. La kwanza ni kusoma manga ya Kijapani kuanzia kushoto. Jibu linakuja kabla ya swali, majeruhi yuko chini kabla hajapigwa, na msomaji anaamua kwamba hadithi haieleweki. La pili ni kuita kila kitu manga kwa sababu nyuso zinafanana, kisha kutafuta muendelezo mahali ambapo haujawahi kuwepo.

Chanzo cha yote mawili ni kimoja: watu wanaangalia macho na nywele za wahusika. Mchoro wa uso ndio dalili dhaifu kuliko zote. Wachoraji wa Tokyo, Seoul na Shanghai wamekuwa wakisomana kwa miaka mingi, na mkono wa mmoja unaonekana kwenye kazi ya mwingine. Kinachotenganisha aina hizi ni mambo mawili tu: kazi ilitolewa wapi kwanza, na ilichorwa kwa ajili ya ukurasa wa namna gani.

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia dalili yenye nguvu hadi iliyo dhaifu. Zifuate kwa zamu. Anayeanza na hatua ya saba ndiye anayekosea.

## Vitu vya kuandaa

Programu ya kusomea inayokuruhusu kubadili mwelekeo. Iwe na angalau chaguo tatu: kurasa za kulia kwenda kushoto, kurasa za kushoto kwenda kulia, na ukanda mrefu wa kuteremsha usio na mapengo. Kama yako ina chaguo moja tu, tafuta nyingine kwanza.

Sura moja ya kila aina. Kwa manga, MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha, iliyofunguliwa 2019, inakuruhusu kusoma bure sura za mwanzo na za karibuni kabisa za hadithi nyingi. Kwa manhwa, tumia WEBTOON, huduma iliyotokana na kampuni ya Naver ya Korea Kusini. Zote mbili zina Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo msomaji wa Bukavu au Bujumbura hana haja ya kuhangaika. Kwa manhua, fungua tovuti ya Kuaikan Manhua. Ni ya Kichina, lakini katika zoezi hili kazi yako ni kuangalia, si kusoma.

Kamera ya kutafsiri, kwa mfano Google Lens, ya kuthibitisha lugha ya maandishi yaliyobaki kwenye picha.

Karatasi na penseli. Utachora visanduku, yaani fremu za picha kwenye ukurasa, na kuvipa namba. Usidharau hili, ndilo linalofundisha jicho.

Bando la kutosha, au Wi-Fi. Sura ya ukanda wenye rangi hula data nyingi kuliko manga ya nyeusi na nyeupe. Pakua mapema ukiweza.

Tahadhari moja kabla ya kuanza. Usijifunzie kwenye tovuti za wizi. Mchoraji hapati kitu, na hilo peke yake linatosha. Lakini ipo pia sababu ya kazi yenyewe: tovuti hizo hukata ukurasa wa majina wenye mchapishaji na haki miliki, huchanganya mpangilio wa kurasa na wakati mwingine hufuta maandishi ya asili. Dalili zote utakazozihitaji hapa zinapotea.

## Hatua ya 1: Tafuta ilikotolewa kwanza

Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa haki miliki. Kwenye kitabu huwa mwanzoni au mwishoni; kwenye simu huwa chini kabisa ya sura au kwenye maelezo ya hadithi.

Ukiona Shueisha, Kodansha, Shogakukan, Hakusensha au Akita Shoten, hiyo ni manga ya Japani. Ukiona Naver, Kakao, Lezhin, D&C Media au Redice Studio, ni manhwa ya Korea. Ukiona Tencent, Kuaikan au Bilibili, karibu hakika ni manhua ya China bara. Tong Li ni mchapishaji wa Taiwan, ila yeye huchapisha pia manga nyingi zilizotafsiriwa, kwa hiyo soma mstari wote, usiishie kwenye jina la kwanza.

Kwa nini tunaanza hapa? Kwa sababu mchapishaji wa kwanza ndiye aliyeamua umbo la ukurasa, rangi na mwelekeo. Mtafsiri alikuja baadaye.

Tahadhari ya kwanza: mchapishaji wa toleo la Kiingereza au Kifaransa hathibitishi chochote. Yen Press ya Marekani, kwa mfano, hutoa kazi za Japani na za Korea pia. Tafuta mstari unaotaja toleo la asili.

Tahadhari ya pili: jina la mchoraji halithibitishi nchi. Boichi ni Mkorea, lakini *Dr. Stone* aliyoichora kwa hadithi ya Riichiro Inagaki ilitoka katika jarida la Weekly Shonen Jump la Japani kati ya 2017 na 2022. Hiyo ni manga, tena ya kusomwa kulia kwenda kushoto, bila kujali mchoraji alizaliwa wapi.

Tahadhari ya tatu, na hii huwakamata wengi: kuwa na anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, si kuwa manga. *Solo Leveling* ilianza kama riwaya ya Kikorea mtandaoni, ikachorwa kuwa manhwa, na anime yake ya 2024 ikatengenezwa na studio ya Kijapani, A-1 Pictures. Anayetafuta "manga ya Solo Leveling" ya Kijapani anatafuta kitu kisichokuwepo.

*Umefaulu kama:* unaweza kutaja mchapishaji wa kwanza bila kutazama hata uso mmoja wa mhusika.

## Hatua ya 2: Soma umbo la maandishi, si maana yake

Ukurasa wa majina unapokosekana, angalia sauti zilizochorwa ndani ya picha: mshindo, mlango kufungwa, moyo kudunda. Watafsiri wengi huziacha kama zilivyo kwa sababu zimeshikamana na mchoro. Angalia pia vibao vya maduka, magazeti na skrini za simu ndani ya hadithi.

Huhitaji kujua lugha yoyote. Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu.

Je, kuna miduara kamili ndani ya herufi, na kila herufi imejengwa kama kijumba cha mistari michache? Hicho ni Kikorea. Herufi za Hangul zina mduara ambao mwandiko wa majirani zake hauna kwa namna hiyo.

Je, kuna mchanganyiko, herufi nyepesi za mstari mmoja au miwili zikiwa pamoja na herufi nzito zenye mistari mingi? Hicho ni Kijapani. Tafuta hasa の, inayozunguka kama konokono. Hutokea mara nyingi sana katika sentensi za Kijapani. Katika manga za vijana utaona pia herufi ndogo sana zimepangwa pembeni ya zile nzito. Hizo zinamwonyesha mtoto jinsi ya kutamka.

Je, herufi zote ni nzito, zimejaa mistari, na hakuna hata moja nyepesi kati yao? Hicho ni Kichina.

Tahadhari: Kijapani nacho kina kiduara, lakini ni kidogo mno na hukaa pembe ya juu kulia ya herufi, kama kwenye パ. Usikichanganye na mduara wa Kikorea ulio ndani ya mwili wa herufi. Vilevile jina la hadithi ya Kijapani huweza kuandikwa kwa herufi nzito tupu. Usihukumu kwa jalada peke yake. Tafuta sentensi nzima.

Thibitisha kwa kamera ya kutafsiri. Tafsiri yenyewe ya mlio mmoja huwa hovyo, lakini utambuzi wa lugha husaidia ukiwa na mashaka.

*Umefaulu kama:* unatazama kibao cha duka kwenye picha na kutaja lugha bila kufikiri sana.

## Hatua ya 3: Amua kama ni ukurasa au ukanda

Kazi nyingine zimechorwa kwa ukurasa wa kitabu wenye mwanzo na mwisho. Nyingine zimechorwa kwa skrini ya simu, kisanduku juu ya kisanduku, ukanda mmoja unaoteremka hadi sura iishe. Ukanda huo ndio webtuni.

Kwa kawaida manga ni kurasa za nyeusi na nyeupe, zenye vivuli vya vidoti, na rangi huonekana kwenye kurasa chache za mwanzo. Manhwa za sasa ni ukanda wenye rangi. Manhua za mtandaoni kutoka China bara nazo nyingi ni ukanda wenye rangi.

Hapo ndipo penye mtego. Rangi na ukanda vinaitenga manga, lakini havitenganishi Korea na China. Na hata manga haitengwi moja kwa moja: Shueisha huuza matoleo ya kidijitali yaliyotiwa rangi, na mwaka 2024 ilifungua Jump TOON kwa ajili ya hadithi za kuteremsha. Kwa hiyo hatua hii haikupi jina la nchi. Inakupa namna ya kupanga programu yako, basi.

Angalia umbo la viputo vya maneno kabla ya kuendelea. Kijapani katika manga huandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo viputo vyake ni virefu na vyembamba. Mtafsiri akimwaga humo maneno ya Kiingereza, utaona yamebanwa katikati na nafasi imebaki juu na chini. Kikorea cha sasa huandikwa kwa mlalo, na viputo vyake vimetanuka upande kwa upande. Mimi huitegemea sana dalili hii kwa sababu hubaki hata baada ya kila herufi ya asili kufutwa.

*Umefaulu kama:* umeshaamua programu iwe kwenye kurasa au kwenye ukanda.

## Hatua ya 4: Soma manga kutoka kulia

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fungua kitabu upande wa kulia. Ukilaza kitabu mezani, mgongo wa kitabu unakuwa kulia kwako. Unachodhani ni jalada la nyuma ndilo la mbele. Matoleo mengi ya Kiingereza na Kifaransa huweka onyo kwenye ukurasa ambao msomaji mgeni angeufungua kwanza. Ukikuta onyo hilo, uko mwisho wa kitabu; geuza. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kushika msahafu ameshaufanya mwendo huu mara nyingi, na mkono wake utazoea upesi.

Anza kisanduku cha juu kulia. Maliza safu yote ya juu ukielekea kushoto, kisha shuka safu inayofuata na uanze tena kulia.

Viputo hufuata mwelekeo huohuo. Ndani ya kisanduku kimoja, kiputo cha juu kulia huzungumza kwanza. Viputo viwili vilivyounganishwa kwa shingo ni vya mtu mmoja anayeendelea na maneno yake.

Maneno yenyewe hayageuki. Ndani ya kiputo unasoma Kiingereza au Kifaransa chako kama siku zote, kushoto kwenda kulia. Kilichogeuka ni mpangilio wa visanduku, viputo na kurasa.

### Visanduku vinapokuwa na urefu tofauti

Safu zikiwa sawa hakuna shida. Shida huja kisanduku kimoja kinaposimama kwa urefu wa safu mbili.

Kama kirefu kiko kulia na vifupi viwili vimepandana kushoto: soma kirefu, kisha cha juu kushoto, kisha cha chini kushoto.

Kama kirefu kiko kushoto na vifupi viwili viko kulia: soma cha juu kulia, cha chini kulia, ndipo uende kwenye kirefu. Wageni wengi huruka kutoka cha juu kulia kwenda kwenye kile kirefu, na hapo mazungumzo yanakatika.

Ukibaki na shaka, angalia upana wa mapengo. Wachoraji wa manga kwa kawaida huacha pengo pana kati ya safu na safu, na pengo jembamba kati ya visanduku vya safu moja. Pengo pana linakuambia: maliza huku kwanza, kisha uvuke. Hii ni kanuni ya kazi, na ukiizoea hutahitaji kufikiri tena.

Mapengo ya ukurasa yakigeuka kuwa meusi, mara nyingi umeingia kwenye kumbukumbu ya mhusika. Yakirudi kuwa meupe, umerudi wakati wa sasa. Asiyelijua hili hudhani mtu aliyekufa amefufuka.

### Kurasa mbili zinazotazamana

Mchoraji wa manga hufikiria kurasa mbili kwa pamoja. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kushoto hukuandaa: mtu anageuka, mlango unafunguka, macho yanatoka. Jambo lenyewe liko ukigeuza. Ndiyo maana mpangilio wa kurasa kwenye programu ni muhimu.

Ukisoma kwenye kompyuta au simu iliyolazwa, na picha kubwa inayopaswa kuchukua kurasa mbili inatokea vipande visivyokutana, basi kurasa zako zimepishana kwa moja. Nenda kwenye mipangilio na uweke jalada lisimame peke yake, au usogeze jozi kwa ukurasa mmoja. Kila kitu kitakaa sawa hadi mwisho wa juzuu.

### Manga iliyogeuzwa

Matoleo ya zamani ya Kiingereza yaligeuzwa kama kwenye kioo ili yasomwe kutoka kushoto. Bado yamo kwenye maktaba na maduka ya vitabu vilivyotumika. Utayajua kwa mambo mawili. Karibu kila mhusika anatumia mkono wa kushoto. Na mwenye kimono amefunika upande wa kulia juu ya wa kushoto, ilhali Wajapani walio hai huvaa upande wa kushoto ukiwa juu. Kinyume chake ni mavazi ya maiti. Kitabu cha namna hiyo kisome kushoto kwenda kulia.

Zoezi. Chagua kurasa mbili zenye visanduku vingi. Zichore kwa haraka kwenye karatasi, mistari mitupu bila picha, na uweke namba kwa mpangilio unaodhani. Kisha soma ukifuata namba zako.

*Umefaulu kama:* kila swali linatangulia jibu lake, pigo linatangulia anayeanguka, na hujarudi nyuma hata mara moja.

## Hatua ya 5: Soma manhwa ya ukanda kwa mwendo wake

Mwelekeo hapa ni rahisi: juu kwenda chini. Kinachowashinda watu ni mwendo.

Katika ukanda, muda hupimwa kwa umbali. Visanduku vilivyokaribiana vinakwenda haraka. Nafasi tupu ndefu ni kimya, ni mshtuko, au ni saa zimepita. Mandhari nyuma ya visanduku ikibadilika kutoka nyeupe kwenda nyeusi, au rangi ikafifia polepole, mchoraji anakuhamisha mahali au anabadili hali ya moyo. Anayesukuma kidole haraka kupita nafasi tupu anatupa sehemu ya hadithi, kisha analalamika kwamba sura ni fupi.

Panga programu hivi:

1. Chagua ukanda usio na mapengo. Ukiacha kwenye kurasa, programu itakata mtu anayeanguka kutoka ghorofani katikati ya mwili, na mwanguko wenyewe unapotea.
2. Picha itoshe upana wa skrini, na simu isimame wima.
3. Kwenye kompyuta, punguza upana wa dirisha. Ukanda uliotanuliwa hadi kujaza skrini pana hausomeki.

Viputo vya webtuni mara nyingi huelea nje ya visanduku. Kanuni ni kwamba kilicho juu husomwa kwanza, kiwe kushoto au kulia. Vikiwa sawa kwa urefu, anza na cha kushoto. Mkia wa kiputo ndio unaokuonyesha msemaji, hata kama yuko kwenye kisanduku kilichokwisha kupita.

Manhwa ya kitabu husomwa kushoto kwenda kulia, kama gazeti lako la kila siku. Webtuni zikichapishwa kuwa kitabu, visanduku hupangwa upya kwenye kurasa, na zile nafasi za kimya hupungua au huisha. Kwa maoni yangu kazi iliyozaliwa kwenye ukanda ni bora kuisoma kwenye simu, hata kama kitabu ni kizuri cha kuweka kabatini.

Kwa wazazi na walezi: manhwa za watu wazima huko Korea huwekewa alama ya 19. Rangi nzuri na nyuso changa hazimaanishi hadithi ya watoto. Angalia alama ya umri kabla ya kumpa mtoto simu.

*Umefaulu kama:* umefika mwisho wa sura bila picha kukatika, na unaweza kuonyesha sehemu moja ambapo nafasi tupu ilikufanya usubiri.

## Hatua ya 6: Manhua, uliza imetoka upande upi

Manhua ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu si umbo moja. Kazi za mtandaoni za China bara nyingi ni ukanda wa rangi. Zisome kama hatua ya 5 inavyoelekeza. Vitabu vya China bara kwa kawaida huenda kushoto kwenda kulia. Vitabu vya Taiwan na Hong Kong mara nyingi huenda kulia kwenda kushoto, kama manga.

Hukumu kwa mwelekeo wa maandishi ya asili. Kama Kichina kwenye viputo kimepangwa kutoka juu kwenda chini, jaribu kulia kwenda kushoto. Kama kimelala mlalo, jaribu kushoto kwenda kulia. Kisha tumia kipimo cha hatua ya 4: swali likitangulia jibu katika kurasa tatu mfululizo, mwelekeo wako ni sahihi. Kurasa tatu, si moja, kwa sababu ukurasa wa mapigano yasiyo na maneno husomeka pande zote mbili bila kukusuta.

Usidhani kwamba rangi ni jambo la mtandao tu. Hong Kong ilikuwa na vitabu vya mapigano vyenye rangi kamili, kazi za Ma Wing-shing zikiwemo, zamani kabla ya webtuni kuwepo.

*Umefaulu kama:* unaweza kueleza kwa nini umechagua mwelekeo uliouchagua, na jibu lako halianzi na "nimebahatisha".

## Hatua ya 7: Dalili za ndani ya hadithi

Sasa unaweza kuangalia hadithi yenyewe. Hizi ni dalili za kuthibitisha, si za kuamulia.

Majina. Majina ya Kijapani huishia karibu yote kwa irabu, na Mswahili huyatamka bila shida: Tanaka, Yamamoto, Sakura. Ya Kikorea huwa na ukoo wa silabi moja na jina la silabi mbili: Kim, Park au Choi, kisha jina. Ya Kichina pia huanza na ukoo mfupi: Li, Wang, Zhang, Chen, na ukiona x, q na zh zimejaa, ni Kichina.

Namna ya kuitana. Kwa Wajapani utakuta -san, -kun, -chan na senpai. Kwa Wakorea, mkubwa hatajwi kwa jina tupu: mwanamume humwita kaka mkubwa hyung, mwanamke humwita oppa, dada mkubwa ni noona kwa mwanamume na unnie kwa mwanamke. Kwa Wachina, hasa hadithi za mapigano, utasikia shifu kwa mwalimu na shixiong kwa mwanafunzi mwenzako wa kiume aliyekutangulia.

Shule. Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili, ndiyo maana siku ya kwanza shuleni imejaa maua ya mcheri. Korea huanza Machi. China huanza Septemba. Sare za China mara nyingi ni suti za michezo. Korea ni koti na tai.

Barabara. Hii naipenda kwa sababu kwa Mtanzania na Mkenya ni rahisi kuliko zote. Japani huendesha kushoto, usukani kulia, kama magari mengi tunayoagiza kutoka kwao. Korea na China bara huendesha kulia. Hong Kong huendesha kushoto. Ukiona dereva ndani ya gari, tayari umepata ushahidi, ila hakikisha kwanza kitabu hakijageuzwa.

Aina ya hadithi. Wawindaji wanaoingia kwenye mageti ya mazimwi, mtu anayerudi ujanani akiwa na kumbukumbu zake zote, mwanamke anayezinduka ndani ya riwaya akiwa mhusika mbaya: Korea hupenda hizo sana. Kukuza nguvu ya qi, madhehebu ya milimani, na daraja za kupanda hadi kuishi milele: hizo ni za Kichina.

Lakini usifunge hukumu hapo. *Return of the Mount Hua Sect* imejaa milima, madhehebu na panga za China, na bado ni manhwa iliyotokana na riwaya ya Kikorea. Wakorea wana jadi yao ya hadithi hizi, na mahali zinapotokea ni China. Ndiyo sababu dalili hizi ziko mwisho.

*Umefaulu kama:* dalili za ndani zinakubaliana na hatua ya 1 na ya 2. Zikipingana, amini hatua ya 1.

## Ukikwama

Ukurasa wa majina haupo, maandishi yote yamebadilishwa, na ni ukanda wenye rangi. Hapo unabaki na majina ya wahusika, namna ya kuitana, shule na magari. Kusanya dalili mbili zinazokubaliana kabla ya kusema Korea au China. Moja haitoshi.

Toleo la Kiingereza limewapa Wakorea majina ya Kimarekani. Hutokea. Tafuta pesa: alama ya ₩ ni won ya Korea. Alama ya ¥ haikusaidii sana kwa sababu yen ya Japani na yuan ya China zote huiandika.

Nimepanga kulia kwenda kushoto lakini bado mazungumzo hayaeleweki. Hakikisha kwamba unafuata mwelekeo huo hata kwa viputo. Wengi hugeuza visanduku wakasahau viputo.

Hadithi imesimama ghafla. Huenda umefika mwisho wa msimu. Webtuni nyingi hugawanywa kwa misimu, na mchoraji hupumzika katikati. Manga za kila wiki husimama wiki moja moja na kuendelea. Angalia tangazo la mchapishaji wa kwanza, si la tovuti iliyonakili.

## Hatua ya 8: Anzisha daftari lako

Chukua kazi tatu ambazo hujawahi kuzisoma na uzipitishe kwenye hatua zote. Kwa kila moja andika mstari mmoja wenye nchi, mchapishaji wa kwanza, umbo na mwelekeo. Kwa mfano:

*One Piece*: Japani, Shueisha, kurasa, kulia kwenda kushoto.

*Tower of God*: Korea, Naver, ukanda, juu kwenda chini.

Mstari wa manhua ujaze mwenyewe, na ongeza kama ni ya China bara, Taiwan au Hong Kong. Daftari hili ndilo utakalofungua unapotafuta muendelezo: mchapishaji wa kwanza anakuonyesha mahali pa kuanzia, na mwelekeo unakuambia programu uiweke vipi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.